Sweta za Mtoto Asiyekuwepo

Mwaka ule uso wangu uling'aa. Mimi, bibi mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, nilianza kupendeza. Sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, mwanamke mmoja wa ng'ambo anayeuza vitenge alinishika shavu bila hata kuomba ruhusa. "Mama, unapakala mafuta gani? Uniambiye na miye." Nilimjibu kwamba ni neema ya Mungu tu, kisha nikanunua kitenge ambacho sikukihitaji, kwa furaha.

Haukupita muda mrefu damu ikarudi. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nami nilikuwa shambani kwetu, mlimani juu ya Bwera, kikapu kiunoni, nikahisi jambo ambalo mwili wangu ulikuwa umelisahau. Nilishuka nyumbani, nikajifungia, nikajikagua. Ilikuwa damu kama ile ya mwezi. Hiyo ilikoma wakati kitinda mimba wangu alikuwa sekondari, na sasa kitinda mimba huyo ana upara.

Mtu wa kawaida angeogopa. Mimi sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nimefundisha watu wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, na katika Maandiko yuko bibi mmoja niliyempenda kuliko wote: yule aliyekuwa ndani ya hema, akasikia wageni wakimwambia mumewe kwamba atazaa uzeeni, akacheka. Nilikuwa nimewafundisha wengi habari zake, na kila mara niliwaambia kwamba kosa lake lilikuwa kucheka. Basi nikaazimia kutocheka.

Niliziunganisha dalili moja moja. Damu imerudi. Maziwa yanauma yakiguswa na nguo. Ngozi imekuwa laini. Tumbo chini, upande wa kushoto, limeanza kuwa gumu. Nilipiga magoti nikashukuru, na nikiwa bado magotini nikaanza kufikiria jina.

Mume wangu ni askari mstaafu. Alikuja Kasese na kikosi chake kutoka kaskazini, akaishi kambini, kisha akanioa mimi Mkonzo wa milimani. Kwa kuwa yeye hakujua Lhukonzo, nami sikujua lugha ya kwao, ndoa yetu yote imeishi katika Kiswahili, changu cha vitabu vya dini na chake cha jeshi. Mimi ninamwita Afande. Yeye ananiita Mwalimu.

"Afande, nina habari," nilimwambia jioni moja.

"Toa ripoti."

Nikatoa. Aliweka kikombe chini polepole, kama kinaweza kulipuka.

"Mwalimu," akasema, "mimi silaha nilirudisha stoo siku mingi. Wewe unajua."

"Mungu haulizi mambo ya stoo."

"Mungu hapana uliza. Lakini majirani itauliza."

"Na ile siku ya Krismasi?" nilimkumbusha kwa sauti ndogo.

Akatazama dari, akahesabu kwa vidole. Kisha nikaona tabasamu likimjia, tabasamu la kijana wa zamani wa kambini. Alichukua kofia yake, akatoka kwenda kunywa chai na wazee wenzake, na alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Katika ushirika wetu tuna desturi ya kuweka mambo nuruni. Kila Alhamisi tunapokutana, anayeguswa husimama na kusema alichotendewa na Mungu, au alichomkosea Mungu, mbele ya wote, na wote huimba. Jambo likishasemwa pale limekuwa mali ya ushirika. Huwezi kulirudisha mfukoni. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mimi ndiye huwafundisha wapya, na bado Alhamisi ile nilisimama, nikashika Maandiko kifuani, nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenirudishia siku za ujana wangu na kwamba tumbo langu limefunguliwa.

Kisha wimbo ukapasuka, na ngoma ikaufuata. Wamama walinikumbatia mmoja mmoja. Mzee mmoja wa kanisa alilia. Mimi nilisimama katikati yao nikiwa mnyenyekevu kabisa, na unyenyekevu wangu ulionekana hata na waliokaa nyuma.

Wiki iliyofuata wakaanza kuleta sweta. Huku mlimani jioni kuna baridi, na mtoto hufumiwa sweta kabla hata hajapatiwa jina. Walifuma za njano, maana hatukujua kama ni mvulana au msichana. Jirani yangu mjane, tuliyebatizwa naye siku moja tukiwa wasichana, ndiye peke yake ambaye Alhamisi ile hakupiga makofi. Alinitazama tu, akiwa nusu ameinuka kwenye benchi, kisha akakaa. Nilijiambia kwamba ana wivu, nikamsamehe. Sweta yake aliileta hata hivyo, na ndiyo iliyofumwa vizuri kuliko zote.

Nilishuka kwenye kliniki moja Bwera, lakini msidhani nilikwenda kwa sababu ya kuumwa. Nilitaka kujua tarehe.

Nesi niliyemkuta ni mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo ya mpaka, mcheshi, mwenye mikono mizito.

"Mama, uko na miaka ngapi?"

Nikamwambia.

"Na unatafuta mimba?"

"Sitafuti. Nimeshapata."

Alinitazama kidogo, akanipa kikopo. Niliporudi nacho, alichovya kile kijiti chake, tukakaa tukikitazama wote wawili.

"Iko mustari moja. Mimba hakuna."

"Labda kipimo chako kimezeeka."

"Mama," akasema, "hapa yenye imezeeka haiko kipimo."

Nilikasirika. Nilikuwa tayari kuinuka, lakini aliweka ule mkono wake mzito juu ya goti langu, na ucheshi wote ukamtoka usoni. "Nisikiliye muzuri. Damu ya mwanamuke yenye ilishaacha mwezi, ikirudia, haiko ya kufurahia. Haiko ya kukimbia pia. Iko ya kupima."

Akanipeleka chumba cha skani yeye mwenyewe. Nililala, nikapakwa ule ute wa baridi, na kile chombo kikaanza kutembea tumboni kwangu. Nilikaza macho kwenye kioo nikitafuta kichwa, mkono, chochote. Niliona giza na mawingu. Mtaalamu wa skani aliendelea kubofya vitufe vyake. Nesi ndiye aliyeinama sikioni mwangu.

"Mutoto haiko mu hii tumbo, Mama. Iko kitu ingine."

Walinionyesha. Pembeni ya kizazi, mahali pa kutunzia mayai, palikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama ovakado. Nesi akaniambia nishuke Kasese kwa daktari wa wanawake, tena wiki ileile.

Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikaomba. Sisemi kwamba kuomba ni vibaya. Nimeomba maisha yangu yote na ninaomba hata leo. Lakini niliomba badala ya kwenda, na zaidi ya hapo nilimpangia Mungu jibu, kama mtu anayempa fundi vipimo vya mlango. Nilimwomba ageuze ovakado ile iwe mtoto, ili ushuhuda wangu usimame. Ukweli ni kwamba sikuuogopa uvimbe kama nilivyoiogopa Alhamisi. Nilijiona nimesimama mbele ya watu wale, nikiwaambia kwamba mwalimu wao amekosea, na moyo ukakataa. Kwa hiyo niliendelea kupokea sweta. Nilizikunja vizuri, nikazipanga sandukuni.

Damu ikaongezeka. Asubuhi moja nilishika mlango ili nisianguke, na Afande alikuwa uani akinoa panga. Akaliacha.

"Kliniki ilisema nini?"

"Walisema niende Kasese."

"Lini?"

"Wiki ile."

"Wiki gani?"

Nikatazama kuku. Akanisogelea. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunipigia sauti ya gwaride, lakini siku ile aliipiga, hata kuku wakakimbia. "Mwalimu! Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mufuko tayari, viatu tayari! Hapana maombi ya ziada!" Kisha sauti ikashuka mpaka sikuitambua. "Mimi nimezika watu mingi. Wewe, hapana."

Tulishuka Kasese. Daktari wa wanawake alinisikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za hema na Krismasi, na alijitahidi sana kutocheka, nilimwona akijitahidi. Alinipima, akatazama picha, akauliza juu ya ngozi na maziwa, akaandika. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, mwili wako unapata homoni za msichana kutoka mahali fulani. Ndizo zilizorudisha damu, ndizo zilizokupa huu uso mzuri. Nadhani ni uvimbe wenyewe unaozitengeneza. Uko uvimbe wa namna hiyo, lakini ni nadra. Tangu niwe daktari nimeuona mara chache mno."

"Ni kansa?"

"Sijui bado. Na yeyote atakayekuambia anajua kwa kutazama tu kwa macho, usimwamini."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Mimi kwa kutazama tu kwa macho nilikuwa nimeshajua hadi rangi ya sweta.

Kwanza alikwangua kidogo ukuta wa kizazi, kwa sababu homoni zile zikizidi huweza kuuharibu nao. Baadaye akanipasua. Alitoa uvimbe ukiwa mzima, haukupasuka, na akatoa na kizazi. Nilipozinduka Afande alikuwa amekaa wima kando ya kitanda, kofia magotini, kama yuko zamu. Daktari akatueleza kwamba kipande cha uvimbe kimewekwa kwenye dawa na kupelekwa Kampala, ambako yuko daktari ambaye kazi yake ni kukata nyama nyembamba kuliko karatasi na kuisoma kwa darubini. Yeye ndiye angesema ni nini. Tusubiri.

Somo la saburi nimelifundisha mara nyingi. Lina vichwa vinne na mifano mizuri. Nilipofika nyumbani sikukumbuka hata kichwa kimoja. Nilimpigia daktari simu Jumatatu. Nikampigia Jumanne kumwomba radhi kwa kumpigia Jumatatu. Jumatano nilimwomba Afande apige yeye, ajifanye anauliza habari zake mwenyewe.

"Mimi nauliza kizazi yangu?" akasema. "Mwalimu, saburi yote umegawia wanafunzi. Hukubakiza yako."

Isitoshe, uvimbe ulipotoka, ujana nao ulifunga mizigo. Mikunjo ilirudi usoni, kila mmoja mahali pake pa zamani. Joto la ghafla likanishika kanisani, katikati ya sala, nikajipepea kwa kitabu cha nyimbo huku jasho likitiririka. Watu walijua tu kwamba nimefanyiwa upasuaji. Wengine walidhani mtoto ameharibika, wakaja kunifariji, nami nikawaacha wanifariji. Sweta zilikuwa bado sandukuni.

Majibu ya kwanza yakaja, lakini hayakuwa majibu. Ukuta wa kizazi ulikuwa salama. Uvimbe, hapana: msomaji wa Kampala alisema ziko aina mbili zinazofanana sana chini ya darubini, moja hukimbia na nyingine hutembea polepole, naye hataki kukosea. Atazitia rangi nyingine, tena atampa mwenzake asome bila kumwambia yeye ameona nini. Daktari wa Kasese alinieleza haya kwa simu. Nilikata simu nikakaa jikoni. Nilikuwa na hofu tupu sasa, isiyo na mapambo. Siku hiyo niliomba kwa mara ya kwanza bila kumwambia Mungu cha kufanya. Sala ilikuwa fupi mno, hata nikaona haya.

Tuliitwa Kasese mvua za masika zilipoanza. Daktari aligeuza kompyuta ituelekee. Kioo kizima kilikuwa na vitu vidogo vya zambarau, vimesongamana, na kila kimoja kilikuwa kirefu kidogo, chenye mfuo katikati.

"Huu ndio uvimbe wako," akasema. "Unaitwa uvimbe wa seli za granulosa. Wasomaji wote wawili wamekubaliana. Hii mifuo ndiyo alama yake. Sisi madaktari tunafundishwa kwamba inafanana na nini, unadhani?"

Afande aliinama, akakaza macho. "Buni," akasema. "Haki ya Mungu, buni!"

"Ndiyo. Mbegu za kahawa."

Nikazitazama kwa jicho la mtu aliyechambua kahawa maisha yake yote. Nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine zimepinda. "Daktari," nikasema, "hizi hata mnunuzi wa barabarani asingezichukua."

Tulicheka wote watatu, na mimi nikaendelea kucheka mpaka nikagundua kwamba ninalia. Daktari alisubiri. Kisha akatueleza lililobaki. Ni kansa, lakini ya aina ile inayotembea polepole, na ilikutwa mahali pamoja, haijatoka nje. Kwa sasa sikuhitaji dawa nyingine. Tabia yake mbaya ni kwamba ina kumbukumbu ndefu; huweza kurudi hata baada ya miaka kumi au ishirini. Lazima nipimwe maisha yangu yote.

"Baada ya miaka ishirini?" nikamuuliza. "Daktari, ikinikuta nikiwa hai, nitaipikia chai."

Alhamisi ikafika, ile niliyoiogopa kuliko kisu. Nilibeba sweta zote kwenye kikapu cha kahawa, nikasimama, nikasema kila kitu. Nilisema kwamba sikuwa na mimba, wala mtoto hakuharibika, maana hakuwahi kuwapo. Nilisema kwamba damu ya mwanamke aliyekwisha kuacha mwezi si baraka wala si laana, ni ya kupima, na kwamba mimi niliambiwa hivyo nikakaa nyumbani kwa ajili ya kuogopa nyuso zao. Nilieleza habari za buni. Nikakaa.

Hakuna aliyeimba. Mtu mmoja alisema "Haleluya?" kwa sauti ya kuuliza. Kicheko kikanipanda kutoka tumboni, hata mshono ukauma, na wao wakanifuata, benchi kwa benchi, mpaka yule mzee aliyelia mara ya kwanza akalia tena. Yule bibi wa hemani nimemwomba radhi. Sasa ninafundisha kwamba kucheka hakukuwa kosa. Sweta zilikwenda wodi ya wazazi, na hata leo nikishuka Bwera huona mtoto mgongoni mwa mama yake akiwa ndani ya njano ninayoijua.

Nilikuwa ninatoka nje nilipovutwa mkono. Alikuwa jirani yangu, yule mjane. Alinipeleka nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Mwalimu, ile damu yako ilikuwa ya rangi gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Jibu kwanza."

Nikamjibu. Akatazama chini.

"Na mimi ninayo."

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

"Kabla yangu! Na hukusema?"

"Nilitaka kusema Alhamisi ile. Nilikuwa nimeshainuka nusu. Wewe ukanitangulia, ukasema damu ya uzeeni ni mimba." Alizungusha macho kuona kama yuko mtu. "Wewe una Afande. Mimi ningeulizwa ni ya nani."

Miezi yote ile nilikuwa nimeisoma ile nusu ya kuinuka kwake kama wivu. Nikamwambia afunge mfuko wake. Nilipofika nyumbani nikamwambia Afande, naye hakuuliza swali hata moja. "Saa kumi na mbili," akasema. "Wazee wawili. Viatu tayari."

Ugonjwa wake haukuwa wa buni. Ulikuwa wa ukuta wa kizazi, ambao daktari alisema huonekana mara nyingi kuliko wangu, nao umemgharimu safari ndefu za Kampala za kuchomwa mionzi. Siku hizi tunashuka Kasese pamoja kupimwa, na huwa tunabishana njiani nani ana uvimbe wa heshima zaidi. Lakini asubuhi ile ya kwanza, kwenye benchi la kliniki ya Bwera, hatukujua lolote. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili, na midomo yangu ilikuwa imeshaanza kunong'ona, kupanga maneno, kumweleza Mungu jinsi mambo yanavyopaswa kuwa.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akatuona, akaweka mikono kiunoni.

"Eh, Mama! Umeleta mimba ingine?"

Jirani yangu akasimama. Alinipa mkoba wake nimshikie, akapiga hatua, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, safari hii usimwambie Mungu jibu. Wewe kaa tu."

Nikakaa.